Makaa ya Masanze na moto anaokwenda kuusoma mdogo wetu



Wengi wenu mmetuuliza mbona harusi ya mdogo wetu imekuwa kimya. Tulisema itakuwa baada ya Idi, tukaahidi picha za singo na za ukumbi, kisha tukanyamaza miezi mitatu. Tunaomba radhi. Hatukuwa na jibu la kuwapa. Sasa tunalo, na tumelipata mahali ambapo hatukutegemea: kando ya tanuri la makaa, Masanze, wilaya ya Kilosa, mkoa wa Morogoro.

Tuanze mwanzo.

Sisi ni dada watatu. Wakubwa wawili ndio tunaoandika hapa, na sote wawili tuna waume na watoto. Wa tatu ni kitinda mimba wetu, yule anayetupigia picha za vyetezo na za mikono ya hina. Wachache mnajua kwamba amesoma fizikia chuo kikuu. Mwaka huu, katika wiki moja, alipata mambo mawili. La kwanza ni posa, kutoka kwa kijana mwalimu wa skuli, mtu wa watu, anayesali na anayejua kucheka. La pili ni barua ya ufadhili wa kusoma shahada ya uzamili Ulaya, miaka miwili.

Upande wa mwanamme hawakukataa. Waliuliza swali moja tu: "Anakwenda kusoma kitu gani khasa, hata kisiweze kungoja?" Nasi, tuseme kweli, tulishindwa kujibu. Kwenye barua imeandikwa kwamba atasoma namna ya kupima chembe zinazopotea kwenye plazma ya muunganiko wa nyuklia, kwa kutumia spektrometa ya miale ya gama. Mama aliisoma mara mbili, akavua miwani, akaifuta, akaisoma tena. Shangazi aliishia kwenye neno nyuklia. "Mwari wa watu mnampeleka kwenye mabomu? Na kizazi chake je?"

Na sisi tulikuwa wapi? Tulikuwa upande wa shangazi. Tulikuwa tumeshanunua vitambaa, tumeshalipa kianzio cha ukumbi, na fundi ameshachukua vipimo. Tulimwambia mdogo wetu kuwa masomo yapo siku zote, mume mwema hapatikani siku zote. Tulimwambia kwa upole, tena na tena, na kila tulipomwambia yeye alizidi kunyamaza. Mpaka baba akasema, "Kabla hamjaamua lolote, nendeni Masanze kwa mama yangu, mkachukue radhi zake."

Baba alizaliwa Masanze. Alikuja Unguja akiwa kijana, akafanya kazi bandarini, akaoa, akabaki. Bibi hakuwahi kuhama.

Tulipanda boti mpaka Dar es Salaam, treni mpaka Kilosa, kisha gari mpaka Masanze, njia inayoelekea Mikumi. Tulimchukulia bibi halua, doti mbili za kanga na kikopo cha udi.

Alitupokea uani, mkononi ana ungo.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba wajukuu zangu. Na huyu mke mwenzangu ndiye anayeolewa? Mbona uso kama wa aliyefiwa?"

Hatukumjibu. Usiku ule tulifukiza udi kwa makaa ya pale pale. Mnajua tunavyowafundisha hapa kila mara: kaa lishike moto mpaka livae jivu jeupe, kipande cha udi kiwe kidogo, mlango na madirisha yafungwe, nguo zikae juu ya chetezo mpaka zishibe moshi. Bibi alifunga kila kitu, hata tundu la dirisha akaliziba kwa kitambaa. Asubuhi jirani akaja na kutuamkia, akauliza, "Jana mlikuwa na harusi humu?" Bibi akashangaa. "Nami nilidhani nimeziba kila mahali!"

Mdogo wetu akacheka peke yake. Kilikuwa kicheko chake cha kwanza kwa muda mrefu. Tulipomuuliza kinachomchekesha, akasema, "Hiyo ndiyo kazi ninayokwenda kusoma." Hatukumwelewa.

Baada ya chai bibi akatuchukua kwenda kwa ami, ambaye alikuwa na tanuri la makaa linalowaka siku ya nne. Sisi watu wa visiwani makaa tunayajua yakiwa kwenye gunia. Hatujui yametoka wapi. Tangu mwaka 2012 vijiji kadhaa vya wilaya ya Kilosa vilianza kuchoma makaa kwa mpango maalumu, vikisaidiwa na Shirika la Uhifadhi wa Misitu ya Asili Tanzania pamoja na MJUMITA, mtandao wa jamii zinazosimamia misitu. Msitu wa kijiji hugawiwa vitalu. Kitalu kikivunwa, visiki having'olewi, na kitalu huachwa miaka 24 kichipue upya kabla hakijaguswa tena.

Tanuri lenyewe ni kichuguu kirefu cha udongo. Ndani yake magogo yamepangwa na kufunikwa kwa nyasi, kisha udongo juu, na moto umetiwa upande mmoja. Kazi yote ni hewa. Hewa ikikosekana kabisa, moto unakufa. Ikiingia nyingi, magogo yanaungua yote yakawa majivu. Siku za mwanzo moshi hutoka mweupe, mzito, kwa sababu ya maji yaliyomo kwenye kuni. Karibu na mwisho huwa mwembamba, wa buluu. Katika tanuri la kienyeji, kilo kumi za kuni kavu hutoa makaa kilo moja hadi mbili tu. Kwa hiyo ufa wa upana wa kidole si jambo dogo. Ami alikuwa akilizunguka tanuri na ndoo ya udongo, akiziba kila panapotoa moshi pasipotakiwa.

Bibi aliketi juu ya gogo, akatwambia jambo ambalo baba hajawahi kutwambia.

Babu yetu, Mungu amrehemu, alikuwa mchoma makaa. Mwaka ambao baba alipaswa kuendelea na skuli, babu alipanga tanuri kubwa kuliko yote aliyowahi kupanga. Usiku mmoja akiwa na homa alilala upande wa mbele, pale moto ulipotiwa, ili auone. Moto ulikuwa mzuri, haukumsumbua. Ufa ulifunguka upande wa nyuma. Alipoamka, nusu ya tanuri ilikuwa jivu. "Ile ilikuwa fedha ya skuli," bibi alisema. "Ndiyo sababu baba yenu alikwenda pwani kutafuta kazi. Babu yenu hakuwa mvivu. Aliutazama moto, na moto haukumwambia."

Tulinyamaza. Mdogo wetu akaja akakaa chini, mbele ya bibi, akaanza kueleza. Tunayaandika hapa kama tulivyoyasikia, kwa sababu ndiyo siku tuliyoelewa dada yetu anapenda kitu gani.

Moto anaokwenda kuusoma ni wa namna ya jua. Jua haliunguzi kuni wala mafuta. Ndani yake viini vya haidrojeni vinaungana na kuwa heliamu, na katika kuungana huko hutoka nishati. Hapa duniani wanasayansi hutumia ndugu wawili wa haidrojeni, deuteriamu na tritiamu. Viini vyao vikiungana hutoka chembe mbili: nyutroni, na kiini cha heliamu ambacho huitwa chembe ya alfa. Lakini ili viungane lazima mchanganyiko upashwe moto zaidi ya digrii milioni 100. Kwa joto hilo si gesi ya kawaida tena. Atomi zimevuliwa elektroni zake, na hiyo ndiyo plazma.

"Na chungu cha kuwekea moto huo?" bibi akauliza.

"Hakuna chungu kinachoweza kuuhimili, bibi. Unashikwa kwa sumaku." Plazma ina chaji za umeme, na sumaku kali huizungusha bila kugusa ukuta, ndani ya chombo chenye umbo la bangili nene. Chombo hicho huitwa tokamaki. Kimoja mashuhuri, JET, kilikuwa Culham, karibu na Oxford, Uingereza. Kilianza kazi mwaka 1983 na kikazimwa Desemba 2023. Kingine kikubwa zaidi, ITER, kinajengwa Cadarache, kusini mwa Ufaransa.

Sasa sikilizeni jambo la alfa, kwa sababu humo ndimo tulimonasa. Nishati inayotoka ikigawanywa mafungu matano, nyutroni huchukua manne. Nyutroni haina chaji, sumaku haiwezi kuishika, hivyo hutoka moja kwa moja mpaka ukutani. Joto lake pale ndilo linalotarajiwa siku moja kuchemsha maji na kutoa umeme. Fungu la tano hubaki na alfa. Alfa ina chaji, kwa hiyo sumaku humzuia ndani. Huzunguka, akagongana na wenziwe, akawagawia joto lake kidogo kidogo. Huyo ndiye anayeufanya moto ujipashe wenyewe bila kutegemea joto la kutoka nje. Tunamwita "yeye" kwa sababu ndivyo bibi alivyomwita, na tangu hapo hatujaweza kumwita vingine.

"Na akitoka kabla hajagawa?"

"Moto unapoa, bibi. Na pale anapougonga ukuta, ukuta unaharibika."

"Basi ni ufa wa nyuma," bibi akasema.

Ndiyo. Na tatizo ni lile lile la babu: ukiutazama moto wenyewe, hutajua nani katoka. Huwezi kutia mkono, huwezi kutia kipimajoto. Kwa hiyo wanatafuta shahidi. Kuna metali nyepesi iitwayo beriliamu. Alfa mwenye nguvu akikigonga kiini cha beriliamu, viwili hivyo hugeuka kuwa kaboni, na nyutroni moja hutoka. Kaboni hiyo mara nyingi huzaliwa na nishati ya ziada, ambayo huitoa papo hapo kama mwale wa gama. Mwale huo una kipimo chake maalumu, elektronivolti milioni 4.44. Kila kiini kina vipimo vyake, kama vile udi una harufu yake na ubani una yake. Mwenye pua iliyozoea hachanganyi.

Spektrometa ndiyo pua hiyo. Ndani yake mna fuwele. Mwale wa gama ukiingia, fuwele hutoa mmweko mdogo wa mwanga. Mwale wenye nishati kubwa hutoa mmweko mkubwa, na kompyuta huupima kila mmweko na kuuhesabu. Mwisho wake unapata mchoro wenye vilele, na kilele kwenye 4.44 kinakwambia: hapa alfa amekutana na beriliamu. Ukuta wa ndani wa JET uliwekwa beriliamu mwaka 2011, na chembe zake kidogo huingia ndani ya plazma, kwa hiyo miale hiyo husaidia kujua alfa wako wapi ndani ya moto. Kwa wale waliotoroka, njia yake ni kuweka kipande cha beriliamu pembeni, nje ya ukingo wa moto, na spektrometa ikakitazama kwa mbali, nyuma ya kinga. Si kazi rahisi. Nyutroni ni nyingi mno na hufanya kelele kwenye kipimo, mfano wa mtu anayejaribu kusikia mnong'ono wa mmoja katikati ya taarabu.

"Kwa hiyo kile kipande ni jirani yangu wa asubuhi," bibi akasema, "na mashine yenu ndiyo pua yake."

Mdogo wetu alimbusu mkono. Sisi tulitazamana. Miezi mitatu tulikuwa tunamuuliza maswali ya harusi, hatukuwahi kumuuliza hilo moja.

Tukaleta hofu ya shangazi, kwa sababu ilikuwa hofu yetu pia. Je, ni bomu? Akasema si bomu. Moto huu hauna tabia ya kukimbia ovyo. Ukivurugika kidogo tu unapoa na kuzimika mara moja, ndiyo maana imekuwa kazi kubwa kuuwasha. Je, mionzi? Hakutuficha. Nyutroni na miale ya gama zina madhara, na tritiamu nayo ina mionzi, kwa hiyo mambo yote hayo huangaliwa kwa makini. Mtambo ukifanya kazi hakuna mtu anayekaa chumba kile. Kuta zake ni zege nene, na watafiti husoma namba kwenye kompyuta mbali na hapo. Anayeingia sehemu zenye mionzi huvaa kipimo chake, kama wafanyavyo wapiga eksrei wa hospitali.

Akatukumbusha pia kuwa gama si mgeni kwetu. Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania ina maabara Arusha ambako vyakula hupimwa kama vina mionzi, na spektrometa ya gama ndicho kifaa cha kazi hiyo. Na katika Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, mionzi hutumika kutibu wanawake wenzetu wenye saratani ya matiti na ya shingo ya kizazi. Mmoja wa mama zetu wadogo alitibiwa kwa mionzi. Tulikuwa tumesahau kwamba neno lililomtisha shangazi ndilo tulilokuwa tukiliombea dua mwaka ule.

Bibi alikuwa na swali la mwanamke wa jikoni. "Na moto wenu huo unapika lini?"

"Bado, bibi." Tunapenda kwamba hakupamba. Alisema mwaka 2023, miezi michache kabla ya kuzimwa, JET iliweka rekodi ya megajuli 69 kwa mwasho mmoja wa sekunde chache, na umeme ulioingia kuiendesha ulikuwa mwingi kuliko nishati iliyotoka. Ami, ambaye alikuwa kimya muda wote, akauliza megajuli 69 ni kiasi gani. Mdogo wetu akapiga hesabu kwa kijiti mchangani: ni kama joto la kuchoma kilo mbili na ushei za makaa.

Ami alicheka mpaka akaketi. "Mitambo yote hiyo kwa kilo mbili za makaa! Njoo nikupe gunia!"

"Ila fueli yao, ami, ilikuwa miligramu 0.2." Akachukua chembe chache za chumvi kutoka kwenye kifurushi cha mihogo, akaziweka kwenye kiganja cha ami. Kiasi hicho hakifiki hata kipande cha ukucha. Ami aliacha kucheka. Akatazama msitu, vitalu vilivyokatwa na vinavyochipua, akatazama tena kiganja chake.

Tunajua wengi wenu mnapika kwa gesi sasa, au mnataka. Serikali ya Tanzania imeweka lengo kwamba ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 ya watu watumie nishati safi ya kupikia. Nyinyi mliopikia makaa au kuni kwenye jiko lisilo na dirisha mnajua moshi ulivyo kifuani. Bibi anajua. Anakohoa kila alfajiri. Mdogo wetu hasemi kwamba moto wake utamfikia bibi. Hautamfikia. Anasema tu kwamba mtu mmoja lazima azunguke nyuma ya tanuri.

Tulipokuwa tunarudi nyumbani, bibi alimshika mkono na kuuliza swali la mwisho. "Huyo alfa, akishagawa joto lake lote, anafanywa nini?"

Mdogo wetu alisimama. "Anatolewa, bibi. Akibaki ndani huwa kama jivu. Wakirundikana wanauzima moto. Na wakitoka hivyo, wamepoa, kile kipande cha beriliamu hakitoi mwale ule. Hawana tena nguvu ya kuuamsha. Kilele cha 4.44 ni cha wale waliotoka wakiwa bado na moto wao mkononi."

Bibi akatembea hatua kadhaa kabla ya kusema. "Basi kutoka si kupotea. Kupotea ni kutoka kabla hujawapa watu joto." Kisha akatugeukia sisi wakubwa. "Huyu kawapa nini?"

Tulianza kuhesabu, na hesabu ikatushinda. Ndiye aliyelala hospitali na mama wiki tatu. Ndiye aliyewasomesha watoto wetu hesabu kila jioni bila kuomba hata nauli. Ndiye anayewapigia picha za bure maharusi wasio na uwezo, kwa jina letu, si lake.

"Basi mwacheni atoke," bibi akasema. "Mkimzuia atakaa, lakini mtakuwa na jivu ndani."

Hatutawadanganya kwamba kila kitu kilimalizika pale. Ilibaki posa, na posa ina mtu wa pili. Usiku tulimpigia simu yule kijana, bibi akaomba aongee naye. Alimuuliza, "Mwanangu, miaka miwili ni mingi. Ukianza kuona baridi utasema, au utatuacha tuje tukute jivu?"

Alinyamaza kwa muda, tukadhani laini imekatika. Kisha akasema, "Bibi, kungoja bila kusema siwezi. Nikiruhusiwa kusema, nitangoja."

Tuliporudi Unguja wazee wa pande mbili walikaa. Mama yake alilia kidogo, ni haki yake, alikuwa ameshatayarisha chumba. Tulimwita shekhe wa mtaani kwetu tukamuuliza. Akatushauri kwamba jambo la masomo lisemwe wazi kabla ya akdi, mbele ya mawalii na mashahidi, liandikwe, na mwanamme aridhie kwa ulimi wake, lisibaki kuwa ahadi ya pembeni. Ndivyo tulivyofanya. Akdi imefungwa nyumbani, watu wachache, biharusi kavaa nguo ya kijani ya mama. Atamaliza masomo yake. Mume atakwenda kumtembelea likizo ya skuli, Mungu akipenda. Kila usiku wa Ijumaa wataongea, na kila mmoja ataulizwa na mwenzake swali la bibi: unaona baridi? Dhifa na ukumbi, akirudi.

Kianzio cha ukumbi hatukurudishiwa, na shangazi bado hajatupigia simu. Vitambaa vimekunjwa, vimetiwa karafuu, vimo sandukuni. Mdogo wetu ameondoka wiki mbili zilizopita. Uwanja wa ndege hatukulia mpaka alipopita mlango. Kwenye mkoba wake ametia kaa moja la Masanze, limefungwa kwenye leso. Tunawazia askari wa forodha watamuuliza nini.

Tunawaandikia haya, khasa nyinyi maharusi mnaotuandikia usiku, kwa sababu tumegundua kosa letu. Tulikaa mbele ya moto. Tuliona vitambaa, hina, ukumbi na tabasamu, vyote vikiwaka vizuri, tukaamini hakuna kinachovuja. Alikuwa anatutoka mbele ya macho yetu, kimya kimya, na sisi tunamchagulia rangi ya maua.

Kama una dada anayeolewa, muulize leo anaogopa kupoteza nini, na usimjibu. Kama ni wewe unayeolewa na una jambo unalolitaka, masomo, kazi, au kukaa karibu na mama yako mgonjwa, liseme kabla ya akdi, kwa maneno yake yenyewe, hata kama ni maneno magumu kama ya barua ya mdogo wetu. Wanaokupenda watajifunza kuyatamka. Mama sasa anasema "spektrometa" bila kukwama, tena anaisema sokoni.

Picha za singo mtazipata, inshallah, baada ya miaka miwili. Mkifukiza udi usiku huu, muombeeni mdogo wetu dua. Na asubuhi muulizeni jirani kama kasikia harufu.

Wenu, dada wawili.